Breki ya Nyuma Kushoto

Gari la mayai lilisikika kabla ya kuonekana. Kriii, krooo, chuma kwa chuma, kuanzia kona ya duka la saruji mpaka lango la gereji. Msasa alikuwa ameinamia injini ya mtu mwingine. Akainuka na spana mkononi, mshipa wa shingo umemtoka. Hakuhitaji kuambiwa ni gari la nani.

"Kaja!" akafoka. "Mguu Mzito kaja! Hebu sikilizeni, jamani, hilo ni gari au mashine ya kusaga?"

Jina la Msasa alipewa na wateja, naye hakulikataa, maana lilimkaa. Ulimi wake ulikwaruza. Ukimletea gari chafu atakutukana, ukimletea safi atakuuliza unaficha nini. Watu walivumilia kwa sababu moja tu: miaka thelathini na moja alikuwa fundi wa breki, na hakuna gari lililotoka mikononi mwake likashindwa kusimama. Ukutani, juu ya meza ya vyuma, alikuwa ameandika kwa mkono wake mwenyewe, herufi kubwa kama mlango: BREKI HAIZIBWI.

Wasioelewa aliwaeleza, watake wasitake. Wako mafundi, alisema, ambao breki ya gurudumu moja ikivuja mafuta hawaitengenezi. Wanachomoa bomba lake, wanapachika bolti penye tundu, basi, mafuta hayavuji tena. Gari linaondoka na breki tatu badala ya nne, na mwenye gari anashukuru, mjinga wa watu, hajui amebebeshwa kifo. Fundi mmoja wa namna hiyo Msasa alimfuata mpaka kwenye gereji yake, akambwagia ile bolti mezani mbele ya wateja, akamwita muuaji mara tatu. Yule bwana alihama mtaa.

Alikuwa na desturi nyingine, na hii aliipenda kuliko zote. Mfukoni alitembea na vichupa viwili vya rangi. Kila nati aliyomaliza kuikaza aliidondoshea tone la bluu: nimekaza mwenyewe, imekwisha, usiguse. Kazi ya kushikiza tu, ya kumfikisha mtu nyumbani, aliipiga tone jekundu: haijaisha, irudi. Hivyo alipochungulia uvungu wa gari hata baada ya miaka, hakuhitaji kukumbuka kitu. Rangi ilimwambia. Rangi zenyewe aliomba kwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta, fundi rangi, mzee wa masihara aliyepulizia magari rangi mpaka ndevu zake hazikujulikana asili yake.

Basi gari la mayai likaingia, na aliyeshuka alikuwa mkwe wake, mume wa binti yake pekee. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye sauti ya kuomba radhi hata anaposalimia. Kazi yake ilikuwa kusambaza mayai madukani, na gari lake lilikuwa limetembea kilomita laki nne na elfu kumi na mbili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba ya nini? Pedi nilikuwekea lini?"

"Miezi mitano, baba."

"Miezi mitano! Wenzako wanamaliza mwaka na nusu! Wewe unakanyaga breki au unaua nyoka?" Akawageukia wateja wawili waliokuwa wamekaa kwenye benchi wakisubiri magari yao. "Mwoneni mkwe wangu. Mguu wake mmoja una uzito wa gunia la mahindi. Nimemwambia miaka minne, hasikii."

Wateja wakacheka. Mkwe naye akatabasamu, akatazama viatu vyake. Ndivyo alivyofanya siku zote. Nani atajibizana na baba mkwe mbele za watu? Alisubiri vicheko viishe, kisha akasema kilichomleta. Amepata kazi kubwa, kiwanda cha mikate kule chini ya mteremko, trei mara mbili ya anazobeba sasa. Kwa hiyo hataki pedi tu. Anataka gari likaguliwe magurudumu yote manne, na mbele lifungwe diski kubwa, zile za gari la aina hiyo hiyo lakini pana zaidi. Amekwisha kuzinunua, zimo kwenye boksi.

"Na pia, baba, likisimama ghafla linavuta. Linakwenda kulia."

"Halivuti. Unalivuta wewe."

"Sawa, baba."

Msasa akalipandisha gari kwenye stendi za chuma, akaanza mbele. Na hapo ndipo hasira ilipomshika kwelikweli, maana pedi hazikuwepo. Ile sehemu laini ilikuwa imekwisha kabisa, kimebaki kibati kinasugua diski, na diski imechimbika mistari kama shamba lililolimwa. Alikishika kibati kile kwa vidole viwili, akakipeleka mpaka puani kwa mkwe wake.

"Unabebea nini gari hili? Mayai tu?"

"Na mama na mtoto, baba. Asubuhi nawashusha."

"Mama na mtoto! Mwanangu! Mjukuu wangu! Juu ya hiki?" Akakitupa chini. "Yai likivunjika unapata jingine. Mjukuu wangu nitampata wapi mwingine? Eti wewe? Nitampata wapi?"

Msasa akahamia nyuma kulia huku ananguruma. Huko nako lainingi, zile pedi za ndani ya dramu, zilikuwa zimebaki kama ganda la yai lenyewe. Akatukana gari, akatukana barabara, akamtukana na mtu aliyetengeneza mteremko. Kisha akaenda nyuma kushoto, akagonga dramu kwa nyundo mpaka ikaachia, akaivuta.

Akanyamaza.

Lainingi za gurudumu lile zilikuwa nene, nzima, kama zilivyotoka dukani. Ndani mlikuwa na kutu na utando wa buibui. Silinda ndogo inayozisukuma ilikuwa imekauka, haina hata jasho la mafuta. Gurudumu hili lilikuwa halijafunga breki miaka na miaka; mzigo wake wote ulibebwa na yale matatu.

Msasa akavaa miwani, akachukua taa, akalala chali, akajisukuma uvunguni. Alilifuata bomba la breki kwa kidole kutoka katikati ya gari mpaka juu ya ekseli, pale linapogawanyika kulia na kushoto. Kulia bomba lilikuwepo. Kushoto hapakuwa na bomba. Palikuwa na bolti, imefunikwa na tope gumu la miaka.

Sauti iliyotoka uvunguni ilimfikia fundi rangi upande wa pili wa ukuta, akaja mbio na bunduki yake ya rangi mkononi akidhani mtu kaangukiwa na gari.

"Wameziba!" Msasa alitoka chini ya gari uso umemwiva. "Wameziba breki! Kwenye gari la mwanangu! Nani? Ulilipeleka wapi hili gari? Sema!"

"Sijalipeleka popote, baba."

"Usinidanganye!"

"Baba, gari hili halijaguswa na mkono mwingine. Ni wako tu."

Loo! Afadhali asingesema. Msasa alitupa taa juu ya meza ikavunjika. Kwamba yeye, mwenye maandishi yale ukutani, anaambiwa neno kama lile, ndani ya gereji yake, na mtu aliyemwoza binti! Akatoa simu, akampigia binti yake. Alikuwa mshonaji, na chumba chake cha kazi kilikuwa mtaa wa pili tu.

"Njoo hapa. Njoo na mtoto. Sasa hivi. Uje uone mumeo anavyotaka kuwaua."

Binti akaja na sentimita ya kupimia bado iko shingoni, amemshika mkono mtoto wake wa kike wa miaka minne. Mtoto alikimbia moja kwa moja kumkumbatia babu yake mguu, akabaki na grisi shavuni.

"Sikiliza, mama," Msasa akamwambia binti yake. "Mumeo alimpa mtu wa kichochoroni gari lenu, akaziba breki. Mmekuwa mnashuka ule mteremko na breki tatu, na huyu mtoto kakaa juu ya gurudumu lililokufa. Tena nikimuuliza ananigeuzia kibao, eti ni mimi! Basi nasema mbele ya watu hawa. Leo hamrudi kwake. Wewe na mtoto mnakuja nyumbani kwangu. Mpaka atakapomtaja huyo mtu, hana mke hana mtoto."

Binti akamtazama mumewe. Mumewe akatazama viatu.

"Kweli?" akamuuliza.

"Sijalipeleka popote, mke wangu. Haki ya Mungu."

"Baba, yeye hasemi uongo."

"Hasemi uongo! Subiri! Naitoa bolti yenyewe, nikuwekee mkononi. Kila fundi ana mkono wake. Nitaijua kazi ya nani, na nitamfuata huyo mbwa mpaka kitandani kwake!"

Akachukua spana, taa nyingine, kitambaa na kopo la petroli, akajisukuma tena uvunguni. Tope lilikuwa limeshika, spana haipati pa kung'ata. Akalowesha kitambaa, akasugua. Akasugua tena. Kichwa cha bolti kikaanza kung'aa, na pembeni mwa kung'aa kule kukatokea tone.

La bluu.

Msasa akasugua kwa nguvu zaidi, kama vile rangi ikisuguliwa sana itageuka kuwa ya mtu mwingine. Haikugeuka. Ilikuwa duara dogo, nadhifu, upande wa kulia wa kichwa cha bolti, pale pale anapoweka yeye. Hakuna fundi mwingine mji mzima anayeweka pale.

Na ndipo siku ile ikamrudia yote. Mchana wa jua kali, mkwe kaingia na gari hilo hilo akipiga honi, binti yake nyuma ameshika mlango kwa mikono miwili, uchungu umemshika. Mafuta ya breki yanachuruzika kwenye gurudumu la nyuma kushoto. Silinda imepasuka, na duka la vipuri limefungwa. Mkwe yuko ndani ya gari anamshika mkewe mkono, haoni kinachofanyika chini. Yeye Msasa kaingia uvunguni, kachomoa bomba, kapachika bolti. Kwa siku moja tu. Kesho alfajiri angeweka silinda mpya. Akatafuta kichupa chekundu, kimeganda; akaomba kwa jirani ukutani, naye hana. Binti anapiga kelele. Akachukua kilichokuwepo, akaweka tone, akasema nitakumbuka.

Kesho yake alikuwa babu. Aligawa soda mtaa mzima, alikuwa anacheza peke yake katikati ya gereji. Na tangu hapo, kila alipobadilisha mafuta ya injini ya gari lile, alichungulia nyuma, akaona bluu, akasema nyuma kumekwisha, tupite. Mpaka tope likaifunika.

Alilala pale chali. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa tayari umefika kwenye lile tone. Rangi kavu ya miaka minne, inabanduka kwa ukucha mmoja tu. Angeibandua, angetoka na bolti tupu, angemtaja yule fundi aliyehama mtaa, na nani angebisha? Aliviona viatu vya mkwe wake kando ya gurudumu, vimesimama sambamba kama vya mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa. Karibu navyo viatu vidogo vya mjukuu, kimoja hakijafungwa kamba.

"Babu," mtoto akainama, akachungulia. "Umempata huyo mbwa?"

Msasa akaondoa ukucha. Akaifungua bolti, akatoka, akasimama. Hakufoka, na hilo ndilo lililowatisha watu. Akafungua kiganja.

Fundi rangi ndiye aliyesogea kwanza, akaiangalia, na masihara yote yakamtoka. "Hiyo ni bluu yangu," akasema taratibu. "Siku ile binti yako ana uchungu ulikuja ukutani kuniomba nyekundu. Sikuwa nayo." Kisha, kwa kuwa hawezi kufunga mdomo hata kwenye msiba, akaongeza: "Nyani haoni kundule, jirani."

"Ni mimi," Msasa akasema. "Nimeziba mimi. Siku mtoto anazaliwa. Nikasahau." "Kila nilichokisema hapa ni changu."

Alingoja mkwe wake aseme sawa, baba. Alikuwa amezoea sawa, baba. Lakini kimya kingi kina mshindo mkuu. Mkwe aliinua macho kutoka kwenye viatu, na sauti iliyotoka hawakuijua, hata mkewe hakuijua.

"Miaka minne!"

"Mwanangu..." Msasa akaanza.

"Miaka minne unaniita Mguu Mzito! Mezani kwako! Mbele ya wateja wako! Mpaka wauza duka wananiita hivyo, mpaka mtoto wangu ananiita hivyo! Mimi nabeba mayai, baba! Mayai! Mtu wa mayai anakanyagaje breki kwa nguvu? Uliwahi kujiuliza? Hata siku moja?"

Akapiga hatua moja kumwelekea baba mkwe.

"Nikakuamini. Nikasema fundi amesema, basi kosa ni langu. Nikarudi shule ya udereva, mimi, na mvi zinaanza kichwani, nikakaa na vijana wa miaka kumi na minane nikafundishwa kukanyaga breki. Mwalimu akaniambia wewe mguu wako hauna tatizo. Nikamwona yeye ndiye hajui kazi!" Alikuwa analia sasa, kwa hasira, na hakujifuta. "Mwaka jana pale mteremkoni mbuzi alikatiza. Nikafunga breki, gari likaenda kulia, likasimama kiganja kimoja kutoka kwenye ukuta wa daraja. Mtoto yuko nyuma. Sikumwambia mtu. Nilikaa ndani ya gari nikajiambia mguu wangu karibu umuue mwanangu. Mwaka mzima nalala na neno hilo. Na leo umesimama hapa unaninyang'anya mke na mtoto!"

Binti alikuwa amemnyanyua mtoto, amembana kifuani. Hakumtazama baba yake. Alimtazama mumewe kama mtu anayesoma barua iliyochelewa.

"Fanya kazi, baba," akasema hatimaye. "Fanya kazi hiyo, sisi tumekaa hapa tunakuangalia."

Wakamwangalia. Alibadilisha silinda zote mbili za nyuma, na bomba la kushoto akaweka jipya. Lainingi zile nene alizitupa, ingawa zilikuwa nzima, kwa sababu hakuweza kuzitazama. Mbele akafunga diski kubwa na vibanio vyake vipana, akapima mpira wa kila bomba kwa kuukunja, akamwaga mafuta ya zamani, meusi kama kahawa, akajaza mapya. Wakati wa kutoa hewa kwenye mabomba anahitajika mtu wa kukanyaga pedali. Mkwe akaingia ndani bila kuombwa.

"Kanyaga," Msasa akasema.

Akakanyaga.

"Shikilia. Achia."

Saa nzima ilikuwa kanyaga, shikilia, achia, gurudumu baada ya gurudumu. Nyuma kushoto mafuta yalipotoka safi, bila povu, Msasa alikaa chini akayatazama yakidondoka mpaka mkwe akauliza kama amelala. Alipokaza nati ya mwisho, mkono ukaenda mfukoni, ukatoka na kichupa cha bluu. Akakitazama. Akamrushia fundi rangi ng'ambo ya benchi, na nati ikabaki bila tone.

Lilibaki jaribio. Desturi ya gereji ile ilikuwa Msasa kushuka mteremko wa nyuma ya gereji peke yake, mara tatu, mpaka kwenye mstari wa chokaa aliouchora mwenyewe. Akaufikia mlango wa dereva. Mkwe alikuwa amekwisha kukaa, mikono kwenye usukani.

"Naendesha mimi," akasema. "Wewe kaa nyuma. Kushoto."

Watu wa kwenye benchi wakasimama kuona. Msasa akafungua mlango wa nyuma, akajikunja akaingia pale anapokaa mjukuu wake, magoti yakamfika kidevuni. Chini ya mguu palikuwa na kibanio cha nywele na ganda la karanga.

Gari likatoka, likafika juu ya mteremko. Mkwe hakusimama kupumua. Aliliachia, akaongeza mafuta, akaongeza tena, miti ikaanza kupita haraka, na mstari wa chokaa ukaja mbio kuwakuta. Msasa alishika kiti cha mbele. Kwenye mstari mkwe akakanyaga breki kwa nguvu zake zote, nguvu za miaka minne, na gari likasimama pale pale, limenyooka, halikwenda kulia wala kushoto. Msasa alirushwa mbele, paji la uso likapiga kiti, miwani ikaanguka.

Vumbi likawapita, likatulia. Mkwe alimtazama kwenye kioo.

"Huo sasa," akasema, "ndio mguu mzito, baba. Ulikuwa hujawahi kuuona."

Msasa alipapasa sakafuni, akaipata miwani karibu na kibanio cha nywele, akaivaa ikiwa imepinda. Uvimbe ulikuwa umeanza kumea usoni.

"Mara tatu," akasema kwa sauti ndogo. "Gari langu halitoki kabla ya mara tatu."

"Si gari lako," mkwe akasema, akaingiza gia ya nyuma.